Gari lina keji, wewe huna: majibu ya maswali yenu kuhusu spidi za rali

Tangu tuguse habari za Safari Rally toleo lililopita meseji zimeingia nyingi sana, zingine ndefu kuliko makala yenyewe, na nimezisoma zote. Leo nachukua nne. La kwanza nitakaa nalo sana manake ndilo linaloulizwa na wengi.

Kaka habari. Mimi na mdogo wangu hatuelewani kabisa. Tulienda Naivasha kuona rali, zile Toyota na Hyundai zikapita hata macho hayashiki rangi. Mi nasema hizi gari za kisasa zimezidi, wazipunguze nguvu kabla hazijamaliza watu. Yeye anasema ukipunguza nguvu hakuna rali tena, si bora tukae nyumbani. Tumsikilize nani? – Msomaji, Gilgil

Nzuri ndugu yangu. Hofu yako haijaanza leo. Miaka ya 80 kulikuwa na daraja la magari ya rali lililoitwa Group B, mepesi kama karatasi na injini za tabo (turbo, zinazosukumiwa hewa) zenye nguvu ya farasi 450, 500, mengine zaidi, na watu waliyapenda mno, hata leo ukiwasha video ya Audi Quattro ya 1985 nywele zinasimama. Lakini Machi 1986 kule Ureno, karibu na Sintra, Ford RS200 ya Joaquim Santos ikaacha barabara ikaingia kwenye umati, watu watatu wakafa na zaidi ya 30 wakaumia. Tazama picha za siku zile utashangaa, watu wamejaa katikati ya barabara, gari likifika wanafunguka kama pazia, wengine wananyoosha mkono wapate kuligusa likipita. Madereva wa timu kubwa walikutana hotelini wakakataa kuendelea na mashindano. Halafu tarehe 2 Mei mwaka huohuo, Corsica, dereva Henri Toivonen na navigeta wake, yule anayemsomea njia, Sergio Cresto wakatumbukia bondeni na Lancia Delta S4, tangi za mafuta zilikuwa chini ya viti, gari likawaka mpaka likabaki mabomba matupu. Haikupita muda Jean-Marie Balestre, aliyekuwa rais wa FISA, chombo kilichosimamia mbio za magari duniani siku zile, akatangaza Group B mwisho wake ni mwaka ule.

Kwa hiyo wazo lako la kupunguza nguvu lilishajaribiwa, na lilikuwa na sababu. Ila sikiliza yaliyofuata. Magari yalishushwa, yakapanda tena polepole, 2011 yalikuwa na farasi kama 300 hivi, 2017 yakapewa 380 na mabawa makubwa, 2022 ikaja haibridi, injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme, jumla ikapita 500 kwa sekunde chache dereva akikanyaga. Mwaka 2025 wakaitoa haibridi, na tundu linaloingiza hewa kwenye tabo wakalibana kutoka milimita 36 hadi 35. Yaani nguvu imeshuka kweli. Kwa hesabu zako mambo yangepoa, sivyo? Agosti 2025 Kalle Rovanperä akashinda rali ya Finland kwa wastani wa karibu kilomita 130 kwa saa, na katika ubingwa wote wa dunia hakuna rali iliyowahi kukimbizwa hivyo. Na miaka tisa nyuma yake, 2016, Kris Meeke alishinda hapohapo kwa wastani wa 126.6 na gari la farasi kama 300 tu!

Kwa hiyo nyinyi wawili mnabishania injini na injini sio mahali pa kubishania. Gari lilipotolewa betri lilipungua uzito, shokapu za siku hizi zinameza shimo kama halipo, tairi zinashika, na barabara za Finland ni pana na laini, dereva hana sababu ya kuachia mafuta.

Mfano ninaoupenda ni wa Sweden, Februari 2017. Kuna kipande cha mashindano, yaani steji, kinaitwa Knon, mzunguko wa kwanza dereva Ott Tänak alikipita kwa wastani wa zaidi ya kilomita 137 kwa saa. Wastani, ndugu yangu, pamoja na kona zake. Hiyo ni kama mita 38 kila sekunde, ukipepesa macho mara mbili uwanja wa mpira umekwisha. FIA, wasimamizi wa mbio za magari duniani, wakafuta mzunguko wa pili. Hawakugusa injini ya mtu, waliigusa barabara. Na ndiyo njia ninayoiamini mimi, chagua barabara nyembamba yenye kona, penye mnyoosho mrefu weka marobota ya nyasi gari lilazimike kufunga breki na kujipinda, basi.

Na mdogo wako mwambie hivi: Safari Rally mshindi wake wastani unazungukia kilomita 100 tu kwa saa, miaka mingine hata hafiki, yuko mbali sana na wale wa Finland, je aliboeka? Mi nilikuwa steji ya Sleeping Warrior mwaka mmoja, asubuhi, ule mlima umelala nyuma yetu, unaanza kuona vumbi mbali sana kama moshi wa mkaa, kimya, halafu unasikia injini inakata kata pa-pa-pa-pa kama mahindi kwenye sufuria, halafu gari linatokea limelala ubavu, linaingia kwenye lile vumbi laini kama unga wa ngano ambalo chini yake kuna mawe hakuna anayeyaona, na dereva hapunguzi mwendo hata kidogo. Watu walipiga kelele mpaka wamama waliokuwa wanauza mayai na smoki wakaacha biashara. Pale gari halikuwa hata kwenye 120. Utamu wake ni kwamba gari linapigana na njia na wewe unaona kwa macho yako, wala hakuna anayehesabu kilomita. Kwa hiyo nyote nawapa nusu nusu: wewe una haki kuogopa, yeye ana haki kutaka msisimko, na hivyo viwili havigombani barabara ikichaguliwa vizuri na watu wakisimama panapostahili.

Habari, kwa nini hasa waliondoa haibridi? Si ndio teknolojia ya kisasa? – Msomaji, Kigali

Gharama na usumbufu, kwa kifupi. Kifaa kile kilikuwa kinatoka kwa mtengenezaji mmoja, bei juu, kikipata mtikisiko mkubwa timu haikuruhusiwa kukifungua yenyewe. Kuna jambo la usalama pia ambalo hapa kwetu ni muhimu kuliko Ulaya: magari yale yalikuwa na taa, ikiwa ya kijani unaweza kuligusa, ikiwa nyekundu usisogee kuna umeme. Sasa wewe unajua watu wetu, gari la rali likipinduka kabla hata dereva hajafungua mkanda tayari vijana ishirini wamelikamata wanalisimamisha, na hiyo ni roho nzuri kabisa, lakini nani anaangalia taa? Mi nililala vizuri zaidi walipoitoa. Kanuni za 2027 zinalenga magari ya farasi kama 300 na bei isiyozidi yuro 345,000, ila keji, ile fremu ya mabomba inayowakinga walio ndani, ya muundo ulioanza 2022 inabaki.

Mwanangu, mimi nilimwona Joginder Singh na Shekhar Mehta kwa macho yangu. Siku zile tulisimama kando ya barabara tu, hakuna tepu hakuna filimbi, na mbio zilikuwa tamu. Siku hizi ni kufukuzana na marshali. Kwani hatari imekuja lini? – Mzee wenu, Mombasa

Shikamoo mzee wangu, na nakuonea wivu mzuri, kumwona Mehta aliyeshinda mara tano ni jambo la kusimulia wajukuu. Lakini hatari ilikuwepo mzee. Safari ya zamani, mpaka ile ya 2002 aliyoshinda Colin McRae, ilikimbizwa kwenye barabara zilizo wazi, lori linakuja, ng'ombe wanavuka, na timu zenye pesa zikarusha helikopta juu ya gari kumwonya dereva kilicho mbele. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 ikarudi na barabara zilizofungwa, nyingi ndani ya mashamba na hifadhi za Naivasha, Elmenteita na Soysambu. Huo kwangu ni uungwana kwa mwenye mifugo na kwa mama anayetoka kisimani.

Kilichobadilika sana mzee ni ndani ya gari. Mwaka 2005 kule Wales, gari la Markko Märtin liligonga mti upande wa navigeta, Michael Park akafa, na baada ya hapo milango na viti vikatazamwa upya, vikajazwa foamu nene ya kumeza pigo la ubavuni. Januari 2020 Monte Carlo, Tänak yuleyule akatoka nje ya barabara kwenye kama kilomita 180 kwa saa, gari likaruka likapiga miti likabiringika mpaka chini, yeye na Martin Järveoja wakatoka wakitembea kwa miguu yao. Nimeitazama ile video mara nyingi na kila mara namshukuru fundi aliyechomelea zile bomba. Si kwamba sasa hakuna kufa, hapana. Aprili 2023 dereva Craig Breen alikuwa anafanya majaribio tu Croatia, wala si mashindano, nguzo ya uzio ikaingia ndani ya gari, tukampoteza. Keji inazuia mengi lakini dirisha ni dirisha.

Sasa linganisha na aliyesimama nje. Dereva ana keji, kiti kinachomkumbatia, helmeti, mikanda sita, kifaa cha kuzuia shingo. Wewe una fulana na kofia. Mwaka 2017 Monte Carlo, steji ya kwanza kabisa, gari la dereva Hayden Paddon liliteleza kwenye barafu, yeye na navigeta wake wakatoka wazima, mtazamaji mmoja akapoteza maisha. Ndio maana yule kijana wa filimbi anakufukuza mzee, tafadhali mwonee huruma, anasimama juani tangu alfajiri na wengi wao wanajitolea tu.

Mwanangu ana miaka 9, anataka kwenda kuona Safari Rally. Mama yake amekataa. Naweza kumpeleka bila kuhatarisha mtoto? – Baba, Nakuru

Unaweza, na nakuomba umpeleke, ila msikilize na mama yake manake hofu yake ina msingi.

Nikueleze kitu nilichokiona. Tulikuwa steji ya Kedong, tumejitenga na barabara kama hatua ishirini, tukajiona watu wenye akili. Nyuma yetu kidogo kulikuwa na thermosi ya chai juu ya kisiki. Gari likapita, gurudumu la nyuma likatema jiwe, halizidi kokwa ya embe, likapiga ile thermosi ubavuni, tukasikia kioo cha ndani kinavunjika na chai ikaanza kutiririka kwenye vumbi. Hakuna aliyesema neno. Jiwe lilipita katikati ya watu wawili, mmoja alikuwa amembeba mtoto mabegani.

Kwa hiyo usisimame upande wa nje wa kona hata kama wamejaa watu mia pale, gari likikosa njia linaelekea huko, wala usisimame mbele ya mruko mahali linapotua. Tafuta kilima au ukingo, wewe uwe juu gari liwe chini, na nyuma yako pawe wazi pa kukimbilia, usijibane na uzio wala shina la mti. Mtoto asikae chini, mtu aliyekaa hachomoki. Na simu, jameni simu, ukiwa unarekodi unaliona gari kwenye kioo likiwa dogo na la mbali, kumbe lishafika. Mwache mtoto atazame kwa macho yake.

Fikeni mapema kabla barabara haijafungwa, mkiwa na maji, kofia, na kitambaa cha kufunika pua. Yatatangulia magari ya waandalizi yenye namba za sifuri na ving'ora, yale yanakagua njia, yakipita mwambie mwanao sasa jiandae. Na gari la mwisho la mashindano likipita msikimbilie barabarani, wengi hukosea hapo, subirini lile la kufagia linalofunga msafara, marshali akikunja tepu yake ndipo mshuke.