Kabla ya Kutazama Presha, Tazama Maji

Nimekaa na boila, mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke, miaka 14, yote hapa Mwanza, kwenye viwanda vya kukamua mafuta ya mbegu za pamba. Kila nikimpokea kijana mpya, macho yake hukimbilia geji ya presha. Namwelewa. Mshale unatembea, na chini yake chuma kirefu kuliko daladala kinanguruma. Lakini mdogo wangu, anza na kioo cha maji, kile kibomba cha kioo kinachoonyesha maji yamefika wapi ndani ya boila.

Mwaka wangu wa pili, usiku, maji kwenye kioo yalitulia katikati kwa saa nzima. Nikaridhika. Mzee niliyekuwa naye zamu akasogea, akainama, akaniuliza, "Mwanangu, maji haya mbona hayachezi?"

Akafungua koki ya chini. Maji yakatoka, na alipoifunga hayakurudi. Tope lilikuwa limeziba njia. Nilikuwa nalinda maji yaliyonasa ndani ya kioo, huku ya boila yakishuka. Nikakimbilia pampu. Akanidaka mkono. "Usiongeze hata tone!"

Alinieleza baadaye, na sijasahau. Hapa kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, sufuria ya nyumbani huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kwenye boila yenye presha ya bar 10, maji yana nyuzi 184 na bado ni maji, kwa sababu yamebanwa. Chuma kikipasuka, sehemu ya maji hayo hulipuka kuwa mvuke papo hapo, na lita 1 ya maji ikigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida hujaza zaidi ya lita 1,600. Na maji yakishuka, mabomba ya ndani yaliyokauka huwa yameiva kwa moto, na ukiyamwagia maji ya baridi unakiita chuma kipasuke.

Tulizima feni, tukafunga hewa, tukafukia moto kwa majivu mabichi, tukawatoa watu wote. Boila ilipopoa tukaifungua. Mabomba ya juu yalikuwa yamebadilika rangi. Niliyashika kwa mkono wangu, nikakaa chini.

Kwa hiyo ukiingia zamu, kabla hata ya kuweka begi, fungua koki ya kioo uone maji yanatoka kwa nguvu na kurudi haraka. Boila ikiwa na vioo viwili, jaribu vyote. Maji yaliyo hai hutikisika kidogo muda wote. Kioo kilichojaa kabisa na kilicho kitupu hufanana, basi simamisha penseli nyuma yake: penye maji itaonekana nene.

Maji ya ziwa letu ni laini, ukoko wake si mwingi kama wa maji ya visima vya chumvi. Shida yake ni matope na mwani, hasa mvua zikinyesha. Toa tope chini ya boila kila zamu, hata kama msimamizi analalamika kwamba presha inashuka. Mwache alalamike.

Na asubuhi, usifungue valvu kuu ya mvuke kwa pupa. Bomba la baridi hugeuza mvuke kuwa maji, na maji hayo yakisukumwa hugonga kona kama nyundo. Nimeona flenji, ile sahani ya kuungia mabomba, ikiachia. Fungua kwanza koki za kutolea maji, kisha valvu robo mzunguko, usubiri. Mdomoni mwa koki kukiwa bado na ukungu mweupe, mvuke una maji. Ukiona pale mdomoni ni kama hakuna kitu, ila unasikia mluzi, huo umekauka. Ongeza robo nyingine.