Kabla hujaongeza mnara, hesabu wanaotoa kila mwezi

Watu wanaoendesha redio ya Kikristo kwa michango ya wasikilizaji huniuliza swali lilelile: tutafikaje miji mingine? Nami huwauliza langu: ni wangapi waliokutumia pesa mwezi huu ambao walikutumia pia mwezi uliopita, na ule wa kabla yake? Wengi hunyamaza. Wanajua waliopiga simu siku ya harambee walikuwa wangapi. Wanajua idadi ya wafuasi mitandaoni, na mawimbi yao yanafika kilomita ngapi. Hiyo namba moja hawana.

Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la wasikilizaji la redio ya aina hii: kupokea simu, kuandika ahadi, kuzifuatilia, kushukuru. Mitambo siijui, na sauti yangu haijawahi kufaa kusoma taarifa ya habari. Lakini ukikaa pale utajua mapema kama redio inakua au inavimba, maana kwa nje mambo hayo mawili yanafanana sana.

Mfano unaopendwa ni K-LOVE ya Marekani. Ilianza mwaka 1982 ikiwa kituo kimoja cha FM huko Santa Rosa, California. Leo inasikika kwenye mamia ya masafa, na haiuzi matangazo ya biashara. Mwaka 2017 taasisi inayoimiliki, Educational Media Foundation, ilinunua masafa ya 100.3 ya Los Angeles kwa dola milioni 57.75. Mwaka uliofuata ikachukua 97.9 ya Chicago, iliyokuwa kituo cha muziki wa roki kwa miongo kadhaa, kwa dola milioni 21.5. Mwaka 2019 ikapata WPLJ ya New York pamoja na vituo vingine vitano kwa dola milioni 103.5. Nikizitaja namba hizi kwenye semina, naona watu wanaanza kunong'onezana.

Sasa tazama miaka. Kutoka 1982 hadi ununuzi ule wa Los Angeles ni miaka 35. Sehemu kubwa ya muda huo njia yao ilikuwa ya kubana matumizi: vipindi vinatengenezwa mahali pamoja, vinapandishwa kwenye setilaiti, kisha vinapokelewa na mitambo midogo ya kurudia matangazo katika miji mingi. Sheria za kwao ziliwabeba. Marekani imetenga sehemu ya FM kati ya 88 na 92 kwa redio zisizo za biashara, na mitambo midogo ya redio hizo iliyo ndani ya sehemu hiyo inaruhusiwa kupokea matangazo kwa setilaiti kutoka kituo kilicho mbali. Gharama ya kuingia mji mpya ikawa ndogo kiasi kwamba waumini wachache wenye kutoa kila mwezi waliweza kuibeba.

Jambo la kuiga kwao ni hiyo njia ya kubana matumizi. Mamilioni yalikuja baadaye, juu ya msingi wa watu waliozoea kutoa.

Chukua karatasi tupige hesabu. Tuseme mnara mpya unakula 900 kwa mwezi, kwa fedha yoyote unayotumia: pango la mnara, umeme, mafuta ya jenereta, mlinzi, ada ya masafa, gharama ya kufikisha sauti kutoka studio, na akiba ya vipuri. Tuseme mtoaji wa kawaida anatoa 3. Unahitaji watu 300 kutoka eneo hilo, mwezi baada ya mwezi. Na ahadi si pesa. Kwa jinsi nilivyoona, ahadi nyingi huyeyuka kabla ya mwezi wa tatu, wala si kwa ubaya. Mtu kaugua, kazi imekwisha, ada za watoto zimefika, namba ya simu imebadilika. Kwa hiyo ukitaka 300 waliosimama, usitulie ukiwa na ahadi 300. Endelea kuandikisha.

Nasisitiza watu wa eneo hilo kwa sababu mara nyingi nimeona mji mmoja wenye moyo wa kutoa ukibeba minara mitatu isiyojiweza. Mwaka wa kwanza mambo huenda. Wa pili, wale watu wa mji wa kwanza wanaanza kuchoka, kwa kuwa kila harambee inahusu mji ambao si wao. Kisha jenereta inakufa mahali pale pale palipokuwa panaleta pesa, na hakuna akiba. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kuna mtego mwingine, na huu huja umevaa baraka. Anatokea mpendwa mwenye uwezo, anataka kijijini kwao redio isikike. Atanunua transmita, atalipa mafundi, pengine na mnara atausimamisha. Kanisa zima linashangilia. Ushauri wangu: mshukuruni kwa dhati, kisha mwulizeni kama yuko tayari kulipia uendeshaji wa miaka miwili pia, au apunguze ukubwa wa mtambo ili sehemu ya fedha ibaki benki kwa kazi hiyo. Transmita ni gharama ya mara moja, lakini umeme unalipwa kila mwezi, na radi haibishi hodi. Mtoaji mwenye nia njema huelewa akielezwa. Akikasirika, ni heri mlijue hilo mapema. Kuzima mnara baada ya mwaka mmoja kunaumiza kuliko kutouwasha kabisa, maana watu wameshaanza kuamka na sauti zenu.

Tuje kwenye wiki ya kuchangisha, ninayoijua kuliko kitu kingine chochote.

Watu wakipiga simu, wengi hawaanzi na pesa. Wanaanza na mtoto anayeumwa, ndoa inayoyumba, hofu ya usiku. Weka kwenye simu watu wanaojua kusikiliza, na wapeni ruhusa ya kusahau saa. Sheria niliyoisimamia pale dawatini ilikuwa hii: simu ya maombi haiombwi pesa. Kabisa. Mtu akimaliza kuombewa, unamshukuru kwa kupiga, unakata. Akiuliza mwenyewe namba ya kuchangia, mpe. Watangazaji wengine waliniona napoteza nafasi. Lakini wengi wa waliokuja kuwa watoaji wetu wa kudumu walianza kwa kupiga simu ya maombi, wakarudi baadaye, kwa hiari yao, bila kusukumwa.

Hewani, semeni ukweli wa namba. "Mwezi huu tunahitaji kiasi hiki, tumepata kiasi hiki, bado hiki." Msikilizaji ni mtu mzima anayeendesha nyumba, anajua bili ni nini. Kinachomfukuza ni vitisho, yaani kila msimu redio iko karibu kufungwa na kila msimu haifungwi. Ukitumia tishio hilo mara mbili, la tatu halisikiki tena hata likiwa la kweli. Na tafadhali acheni lugha ya "panda mbegu upokee mara mia." Najua inaleta pesa, nimeona ikileta. Inaleta za watu waliokata tamaa, wanaotoa kodi ya nyumba wakisubiri muujiza ufike Ijumaa. Muujiza usipofika, hawapotei kwenu tu, wengine wanapotea na kwa Mungu. Sitaki kuwa na sehemu katika hilo, na sioni mtandao wa redio unaoweza kusimama juu yake kwa muda mrefu.

Halafu shukuruni haraka. Ujumbe mfupi siku ileile, wenye jina la mtu. Aliyetoa kidogo apate shukrani ileile ya aliyetoa kingi. Sitaeleza zaidi, jaribuni tu muone.

Swali la kuuza muda kwa wahubiri huja kila kikao cha bajeti. Mhubiri wa mbali anataka nusu saa kila asubuhi, na atalipa vizuri. Zipo redio za Kikristo zinazoishi hivyo, wala sisemi ni dhambi. Ninachosema ni kwamba hiyo ni biashara nyingine yenye bwana mwingine. Mwenye kulipia nusu saa ndiye mteja wako, na msikilizaji anakuwa bidhaa unayomwonyesha. Watu wanalihisi haraka. Wakisikia mhubiri wa tatu anayetaja akaunti yake ya benki asubuhi moja, hawajui tena wamchangie nani. Ukitaka wasikilizaji wakubebe, wawe wao peke yao mnaowajibika kwao. Radio Maria ni mfano mzuri hapa. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kama redio ya parokia huko Erba, kaskazini mwa Italia, ikaenea nchi nzima, ikavuka mipaka hadi Afrika. Tanzania ilifika mwaka 1996. Haiuzi matangazo ya biashara, na kazi nyingi hufanywa na watu wa kujitolea. Msikilizaji wake hahitaji kujiuliza pesa yake inakwenda kwa nani.

Hapo kwenye watu wa kujitolea niongeze neno. Wao ni zaidi ya nguvukazi ya bure. Mama anayepokea simu Jumatano mchana anarudi mtaani kwake akiwa shahidi kwamba pale studio hakuna anasa, kwamba kiti kimevunjika na bado kinakaliwa. Ushahidi huo huwezi kuununua. Lakini wafundishwe, wapangiwe zamu, na wapewe nauli. Kujitolea kusiwe kisingizio cha kumchosha mtu.

Kuhusu imani ya wasikilizaji kwa uongozi, kila bodi ningeisomea habari ya Family Radio. Hiyo ilikuwa kazi kubwa kweli, iliyopata kituo chake cha kwanza San Francisco mwaka 1959 na kukua kwa michango hadi kuwa na vituo vingi Marekani na matangazo ya masafa mafupi yaliyofika mbali. Sauti yake kuu ilikuwa Harold Camping. Alipotangaza kwamba tarehe 21 Mei 2011 ndiyo siku ya hukumu, mabango yakasimamishwa, watu wakaacha kazi, na siku ikapita. Miaka michache iliyofuata vituo vyake vikubwa vya FM vya maeneo ya New York na Philadelphia viliuzwa. Kila mtu anajadili unabii. Mimi nauliza: bodi ilikuwa wapi? Nani pale alikuwa na mamlaka ya kumwambia mwanzilishi "hapana, hilo halisemwi hewani"?

Kwenu je, yupo? Leseni iko kwa jina la nani? Akaunti inasainiwa na watu wangapi, na je, wawili kati yao ni mume na mke? Hesabu zilizokaguliwa zinatolewa kwa wasikilizaji, au zinasomwa harakaharaka kwenye mkutano wa wazee? Msikilizaji anayetoa kila mwezi ana haki ya kuuliza haya kabla hata ya kuuliza ratiba ya vipindi. Mimi ningemshauri aulize.

Sasa mkiwa tayari kweli kwenda mji wa pili, kuna jambo ambalo mitandao mikubwa ya redio imelilipia bei. Matangazo yakitoka sehemu moja tu, ni nafuu na ubora ni uleule kila mahali, lakini mji wa pili unasikia habari za mvua ya mji wa kwanza. Huko Marekani hadi mwaka 2017 sheria ilidai kila kituo kiwe na studio kuu karibu na jamii kinayoihudumia, ingawa redio zisizo za biashara mara nyingi ziliomba kusamehewa na zikasamehewa. Sheria hiyo ilipofutwa, mashirika yenye vituo vingi yalipumua, na waliopenda redio za mahali pao walinung'unika. Wote walikuwa na hoja. Ninachopendekeza ni dirisha dogo: saa moja au mbili kwa siku zinazotoka mji wenyewe, zenye salamu, misiba, matangazo ya makanisa ya hapo na sauti ya mtu anayejulikana sokoni. Si lazima pawe na jengo. Chumba chenye kipaza sauti na intaneti ya kuaminika kinatosha. Watu huchangia kwa urahisi sauti inayojua majina ya mitaa yao.

Intaneti pia inasaidia kupima. Kabla ya mnara, pelekeni matangazo kwa programu ya simu, waombeni makanisa ya mji huo wayatangaze, halafu hesabuni ni wangapi wanajiandikisha kutoa wakiwa bado wanasikiliza kwa bando lao wenyewe. Hao ndio mbegu ya wale 300.

Mwisho ni kwa wale mnaoandikiwa na redio nyingine inayofunga, ikitaka kuwauzia masafa pamoja na mitambo kwa bei ya kutupa. Bei hiyo inavutia, na mara nyingine ni nafasi halali. Ila kabla bodi haijasaini, peleka fundi wenu, si wao, apande ule mnara akague kutu, nyaya za kutulizia radi na hali ya antena. Ulizeni mamlaka ya mawasiliano kama leseni inahamishika na kama kuna ada ya nyuma inayodaiwa. Kisha ombeni bili zote za umeme za miezi kumi na miwili iliyopita. Wakisita kuzitoa, rudini nyumbani.