Re: Majibu ya mzee yanasema p16 pozitivu, je ndo mbaya zaidi?
Pole sana ndugu kwa kuuguliwa na mzee. Hiyo p16 (protini inayopimwa kwenye kipande cha uvimbe) ikiwa pozitivu kwenye saratani ya tonsi (findo za kooni) kwa kawaida maana yake imeletwa na kirusi cha HPV, na hapo kwa kweli ni afadhali, maana aina hiyo inasikia mionzi na kemo (dawa za kuua saratani) vizuri zaidi, kuna utafiti wa Marekani wa 2010 ambapo wagonjwa wenye HPV kama 82% walikuwa hai baada ya miaka 3, wasio nayo 57%. Ila sigara inakula hiyo nafuu, kama bado anavuta mbembelezeni aache leo leo. Na kabla ya mionzi mpelekeni kwa daktari wa meno, jino bovu litolewe mapema, likisubiri baadae taya linasumbua sana kupona.