Jibu: Kwa nini makala yangu mpya haionekani Google?

Ndugu, hakuna aliyeificha makala yako. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, makala mpya huzuiwa isionekane Google mpaka ikaguliwe au itimize siku 90, lolote litakalotangulia. Wanaokagua ni watu wa kujitolea kama wewe na mimi, na foleni ni ndefu.

Mimi nikifungua makala mpya, kwanza naangalia kama maandishi yamenakiliwa kutoka tovuti nyingine. Hilo halivumiliki, hata mada iwe nzuri namna gani. Kisha vyanzo, na hapa ndipo wengi wanapokwama: wanaweka viungo kumi vya tovuti ya mhusika mwenyewe, wakati vyanzo viwili vitatu huru vilivyomzungumzia kwa kina mara nyingi vingetosha. Sarufi mbovu haifutishi makala, hiyo hurekebishwa.

Kwa hiyo usiombe ifutwe ili uanze upya. Siku zitahesabiwa tena toka mwanzo. Ongeza vyanzo. Na ikiwekewa alama ya kufutwa haraka, usiiondoe mwenyewe hata kama inauma (najua inauma), toa hoja zako kwenye ukurasa wa majadiliano. Ukishavipata vyanzo niambie, nitaipitia.