Maswali na Majibu: Ndege Wageni wa Ziwa Kivu

Mvua za kwanza zikishaanguka Bukavu na Goma, barua kuhusu ndege huwa nyingi. Hapa tunajibu zile zinazohusu wageni wanaotoka Ulaya na Asia na kufika kwetu hasa kati ya Septemba na Novemba.

Nakaa Muhumba, karibu kabisa na maji, lakini kila asubuhi naona ndege walewale: mnandi, mdiria, mwewe. Wageni wanatua wapi? (Msomaji, Bukavu)

Kasoro iko kwenye ufuo, wala si macho yako. Kingo za Kivu zimesimama wima, maji yanaanza kuwa marefu hatua chache tu kutoka nchi kavu, na upande wa Goma ni lava tupu. Kitwitwi wengi wanahitaji tope laini lenye maji yasiyofika hata kifundo cha mguu, maana hapo ndipo mdomo unapowafikia wadudu na minyoo. Kwa hiyo tafuta mahali mto mdogo unapomwagia udongo ziwani, vinamasi vya nyuma ya ufuo, mabwawa ya samaki yaliyopunguzwa maji, na mashimo ya matofali yaliyojaa mvua. Shimo la matofali lenye upana wa nyumba moja linaweza kuwa na wageni kuliko kilomita nzima ya mawe.

Mmoja tu anayapenda mawe yako ya Muhumba: Actitis hypoleucos. Huanza kuonekana mwishoni mwa Julai, kabla ya wengine wengi. Mgongo wake ni wa kahawia, tumbo jeupe, na weupe huo unapanda kama kabari kati ya kifua na bega. Hawezi kutulia, sehemu ya nyuma inapanda na kushuka muda wote. Akiruka huenda chini karibu na maji, mabawa yakipigwa kwa mitetemo mifupi mifupi. Mjue huyo vizuri kwanza. Kwenye mashimo na vinamasi utakutana na ndugu zake wawili: Tringa glareola mwenye madoa mgongoni, mstari mweupe mrefu juu ya jicho na miguu ya manjano-manjano, na Tringa ochropus aliye mweusi zaidi, ambaye akiruka chini ya bawa lake ni giza na kiuno ni cheupe kabisa.

Toka jua linapochomoza, hasa baada ya usiku wa mvua kubwa. Keti nusu saa bila kuhama. Anayetembea-tembea ufuoni huwafukuza kabla hajawaona.

Oktoba tuliona buabua wadogo wakiruka juu ya maji karibu na mitumbwi ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mmoja alikuwa na doa jeusi ubavuni mwa kifua. Rafiki yangu anasema huyo ni nadra sana huku. Nitahakikisha vipi, na nani ataniamini? (Msomaji, Kyeshero, Goma)

Swali hili tumelipenda, kwa sababu doa hilo ndilo hasa la kutazama, na ndilo linalowapoteza watu wengi.

Buabua wa kawaida kwenye maziwa yetu ya ndani wakati huu ni Chlidonias leucopterus. Nadra anayezungumziwa na rafiki yako ni Chlidonias niger, ambaye sehemu kubwa ya jamii yake hupitisha miezi ya baridi pwani ya Atlantiki, kuanzia Afrika Magharibi kushuka hadi Namibia. Kumpata Kivu ni jambo la kuandikwa. Lakini wote wawili, wakiwa na manyoya ya kuzalia, ni weusi kifuani, na Septemba na Oktoba bado wanayabadilisha. Leucopterus aliye katikati ya kubadilisha anabaki na mabaka meusi kifuani na chini ya bawa. Ukimwona kwa sekunde mbili, utaapa kwamba umeona doa la niger.

Tofautisha hivi. Doa la niger liko mbele ya bega, kila upande moja, na yote mawili yanalingana kwa umbo na ukubwa. Mabaka ya manyoya ya zamani hayalingani: upande huu makubwa, upande ule madogo, na mara nyingi mengine yametawanyika tumboni. Kisha ngoja ageuke uone mgongo. Kwa niger, mgongo, kiuno na mkia vyote ni kijivu cha aina moja. Kwa leucopterus kiuno ni cheupe au karibu cheupe, na kinajitenga na mgongo. Tazama pia kichwa: niger ana kofia nyeusi nzito inayoshuka nyuma ya jicho, leucopterus ana doa dogo la sikioni na utosi wenye vinyoya vyeupe vilivyochanganyika na vyeusi. Yupo na wa tatu, Chlidonias hybrida, mwenye mdomo mnene zaidi na kiuno cha kijivu; huyo hana doa la bega, basi kiuno cha kijivu peke yake hakitoshi kuwa ushahidi.

Alama zote tatu zikikubaliana, unalo jambo. Ikiwa umeona moja tu, andika Chlidonias bila kutaja aina. Hilo ni jibu kamili, halina aibu.

Kuhusu kuaminiwa: andika palepale, kabla ya kufungua kitabu cha picha. Kitabu hubadilisha kumbukumbu. Ukishatazama mchoro, utakumbuka hata kile ambacho hukukiona. Andika saa, mahali, umbali kwa makadirio, jua lilikuwa upande gani, ndege alikuwa na nani, na kila alama uliyoiona kwa macho yako. Chora, hata kama mkono wako ni mzito. Kwa picha, weka lenzi ya simu kwenye kioo cha darubini, egemeza viwiko ukutani au kwenye mti, na rekodi video badala ya kupiga picha moja moja, kisha chagua fremu nzuri. Gusa ndege kwenye skrini na ushushe mwangaza: juu ya maji yanayong'aa, simu huunguza weupe na kufuta hasa rangi ya kiuno unayoitafuta. Buabua hupumzika juu ya vigingi na maboya. Huko ndiko video inafaa.

Halafu weka kumbukumbu yako kwenye eBird, tovuti ya kimataifa ya kuandikia ndege walioonekana. Mfumo utaitambua kuwa si ya kawaida na kukuomba maelezo. Usikasirike, mkaguzi anafanya kazi yake. Bandika maandishi yako ya ufuoni kama yalivyo.

Mbayuwayu waliojaa kwenye nyaya za umeme ni wa hapa au wa Ulaya? (Msomaji, Kadutu)

Wote wawili, mara nyingi kwenye waya mmoja. Hirundo angolensis wa hapa ana tumbo la kijivu chafu, na rangi ya kutu ya kooni inashuka hadi kifuani, na mkanda mweusi mwembamba uliokatika. Hirundo rustica wa Ulaya ana mkanda mpana usiokatika na tumbo jeupe. Usitegemee mkia: makinda waliozaliwa mwaka huu Ulaya wana mkia mfupi na koo lililopauka.

Goma, karibu saa nne asubuhi, naona ndege wakubwa wakizunguka juu sana. Mwewe, au kuna zaidi? (Msomaji, Himbi)

Ndege hao hupanda kwa hewa moto, na lava nyeusi huota jua haraka. Juu ya maji baridi hewa hiyo haipandi vizuri, kwa hiyo wengi wao huambaa na nchi kavu. Oktoba tazama upande wa kaskazini, wanakotokea. Mwewe ana mkia wenye panda na huupinda-pinda anapogeuka. Shakivale hushikilia mabawa yakiwa yamepanda kidogo anapoelea. Pernis apivorus, anayekula mabuu ya nyigu, huelea na mabawa bapa au yaliyoshuka kidogo, kichwa chembamba kama cha njiwa, mkia mrefu wenye utepe mpana mweusi karibu na ncha na miwili karibu na shina. Mdomo mweusi hauthibitishi kwamba mwewe ametoka Ulaya: makinda wa mwewe wetu wa mdomo wa manjano nao wana mdomo mweusi.

Darubini gani, na je, askari hawatanisumbua? (Msomaji, Bukavu)

Chukua 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye vioo vya mbele vya milimita 42. Ile ya 10x42 inakuza zaidi lakini inatetemeka mkononi, na eneo unaloliona ni dogo, hasa kwa buabua asiyetulia. Hakikisha imezibwa maji isipate kuvu ndani ya vioo. Ihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Usiiweke kwenye mchele. Vumbi lake hukwaruza.

Kuhusu askari, ondoa hatari mapema. Usielekeze darubini wala simu kwenye mpaka wa Ruzizi, bandari, uwanja wa ndege, daraja au kambi, hata kama ndege ametua hapo. Mwone kwanza shefu wa avenyu umweleze utakapokaa na kwa saa ngapi. Beba kadi ya mpiga kura na daftari lenye michoro. Michoro inaeleza upesi kuliko maneno. Ukiulizwa, shusha darubini, salimia, kisha umpe aliyekuuliza atazame.

Mvuvi alipata ndege amekufa mwenye pete ya chuma mguuni. Tufanye nini? (Msomaji, Idjwi)

Msimshike kwa mikono mitupu. Vaeni glavu au mfuko wa plastiki, kwa sababu ya mafua ya ndege. Nakilini herufi na namba zote pamoja na jina la nchi au jumba la makumbusho lililoandikwa, mkizungusha pete hadi mwisho, maana namba mara nyingi huendelea upande wa pili. Pigeni picha kila upande. Tumeni kwenye tovuti ya EURING, umoja wa vituo vya Ulaya vinavyovisha ndege pete, pamoja na tarehe, mahali, na jinsi alivyopatikana: nyavuni, ufuoni, au ameliwa na paka. Ndege akiwa hai, someni pete bila kuivua, kisha mwachieni.