Grupu la Kazi Lilivyonifanya Nikose Maziko

Juzi mdogo wangu mmoja kaniandikia inboksi: "Kaka, nikijitoa kwenye grupu la kazi nitafukuzwa?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo nililala nalo miaka minne.

Nilikuwa mhudumu wa wateja kwa simu, Dar. Ofisi siitaji. Bosi alipofungua grupu la WhatsApp tulishangilia: hakuna tena kukimbilia ubao wa matangazo. Mwezi wa pili ikaanza "Wapendwa, mpo?" saa nne usiku. Aliyewahi kujibu alipewa dole mbele ya wote, aliyechelewa alitajwa jina. Madole nilikusanya mimi! Nilijibu nimebanwa mlangoni kwenye mwendokasi. Nilijibu kwenye msiba wa shangazi, Tanga, nimejificha nyuma ya turubai nikitafuta mtandao, wenzangu wanatoka na majembe kwenda kuchimba kaburi. Niliponyanyua kichwa walishafika makaburini. Mama aliniona. Hakusema kitu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Cheo? Alipewa mwenzangu ambaye simu yake usiku haikuwa ikipatikana kabisa.

Hata hivyo usijitoe, mdogo wangu. Soma sheria kwanza. Vijana tunataka kupanda ngazi na hatujui hata saa zetu! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki. Za ziada ni kwa makubaliano, na hulipwa mara moja na nusu. Ripoti inayotakiwa saa nne usiku ni kazi. Iandike: tarehe, saa, ulichofanya. (Ukiwa unasimamia wenzako na unaripoti moja kwa moja kwa wakubwa, sehemu hiyo ya sheria haikuhusu. Vyeo navyo vina mitego.) Andika kila siku. Nasema tena, andika.

Mimi nilijaza daftari zima. Afisa rasilimali watu akaniuliza, "Kwani wewe kazi huipendi?" Nikamfungulia kurasa. Hawakunilipa saa zote za ziada, ila "mpo?" za usiku zilikoma wiki ileile.

Mwaka jana tulizika tena Tanga. Simu nilimwachia mama, imezimwa, nikachukua jembe.