Maswali na majibu: umehama jimbo, leseni ya ualimu inakudai mtihani tena

Habari zenu walimu wenzangu. Mwezi huu maswali yamekuwa mengi na karibu yote yanatoka kwa watu wanaohama jimbo huku Marekani, na najua kwa nini, shule zinafungwa mwezi wa tano au wa sita, mpya inakutaka uwe na leseni mkononi kabla ya Agosti, basi watu wanakimbizana na mitihani hata maboksi hawajafungua. Nimechagua maswali sita nikayafupisha kidogo.

Shikamoo mwalimu. Nimefundisha Louisville, Kentucky miaka minne, leseni yangu ni kamili na Praxis zote, ile mitihani ya leseni inayotumiwa na majimbo mengi, nilifaulu. Mume wangu kapata kazi Houston tunahama mwezi wa saba. Rafiki yangu ananiambia nijisajili TExES, mitihani ya ualimu ya Texas, haraka kabla nafasi hazijaisha, nifanye hivyo? (Mama wawili, Louisville)

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa miaka minne. Usijisajili kitu chochote kwanza. Ukiwa na leseni ya jimbo lingine, Texas unaanza kwa kuwaomba TEA, ile idara ya elimu ya jimbo, wakague vyeti vyako, unatuma transkripti, leseni ya Kentucky na alama za mitihani uliyofanya, alafu wao ndio wanakuambia mtihani upi umesamehewa na upi bado unakudai. Ukikidhi masharti unaweza kupata cheti cha mwaka mmoja, yaani unafundisha na kulipwa huku unamalizia mitihani iliyobaki. Sasa huyo rafiki yako anataka ulipie mtihani ambao pengine hudaiwi, na hiyo hela ni nauli ya kuhamia.

Mimi mwenyewe nilipohamia Texas nilinunua kozi ya mtandaoni, sitaitaja, wakaniambia inaandaa watu kwa leseni ya ualimu popote pale Marekani, nikasoma wiki sita kila usiku watoto wakilala, kuja kuingia kwenye chumba cha mtihani nakuta nimejiandaa mtihani wa aina nyingine kabisa. Nilikuwa nafanya PPR, ule wa ualimu kwa ujumla, maswali 100, alama ya kufaulu 240, nikapata 233. Nililia kwenye gari. Ndio maana nawasisitizia sana hili la kuuliza kwanza, na ujue pia Texas wana kikomo, mtihani mmoja unaruhusiwa kuufanya mara tano tu, kati ya mara na mara unasubiri siku 30, hivyo kwenda kujaribu tu bila maandalizi kunakula nafasi zako.

Na kuna neno moja linawachanganya watu wengi, wanasikia majimbo yana makubaliano ya kutambua leseni, ya NASDTEC, ule umoja wa ofisi za leseni za majimbo, wanadhani leseni inahama kama leseni ya gari. Hapana. Yale makubaliano yanasema jimbo fulani linakubali kuangalia leseni za jimbo fulani, lakini linabaki na haki ya kukudai mtihani wake au kozi yake. Upo mkataba mwingine mpya zaidi wa walimu kuhama, unaitwa Interstate Teacher Mobility Compact, ulihitaji majimbo 10 ndio uanze na idadi hiyo ilifikiwa 2023, Kentucky yenu imo, Colorado, Utah na Oregon nazo zimo, huo unalenga kumpunguzia mwalimu mwenye leseni kamili na digrii mzigo wa kuanza upya. Kama unahama kati ya majimbo yaliyomo, ipigie simu ofisi ya leseni ya kule unakoenda na uutaje huo mkataba kwa jina lake, usisubiri wakutajie wao.

Mwalimu, mimi Kiingereza ni lugha yangu ya tatu, nyumbani Kiha, shuleni Kiswahili. Kwenye Praxis najua majibu lakini muda unaniishia, mara ya mwisho nimeacha maswali tisa wazi. Nifanyeje? (Mwalimu msaidizi, Dayton)

Mambo mawili, na la kwanza nakuomba uwaambie na wenzako. ETS wenye Praxis wanatoa nusu ya muda zaidi kwa mtu ambaye Kiingereza siyo lugha yake ya kwanza, mtihani wa dakika 90 unakuwa na dakika 135. Siyo msaada wa huruma na hakuna anayekudharau kwa kuuomba, ni utaratibu wao rasmi, ila lazima uombe na ukubaliwe KABLA ya kujisajili tarehe ya mtihani, ukishajisajili kwa njia ya kawaida umechelewa kwa mtihani huo. Kuna fomu ya kujaza, ianze mapema maana majibu hayaji kesho yake. Nimekutana na walimu wamefeli mara tatu nne, Kiingereza chao kizuri tu wanasoma taratibu, na hakuna aliyewahi kuwaambia hili. Inaniuma sana.

La pili, yale maswali tisa usiyaache wazi tena. Jibu baya halikukati alama Praxis. Ukiona zimebaki dakika mbili chagua herufi yoyote kwa yote yaliyobaki.

Sasa mwalimu. Nimefeli hesabu ya Praxis Core, ule mtihani wa msingi, mara mbili, 142 na 146, na jimbo langu linataka 150. Nilimaliza form four 1999 nikaenda kufundisha Kiswahili na historia, hesabu sijagusa. Nimechoka. (Kenya mpaka Tennessee)

Pole sana kaka, lakini angalia ulivyopanda mwenyewe, pointi nne, na zimebaki nne. Huo ni mtihani wa maswali 56 kwa dakika 90, na kalkuleta ipo kwenye skrini, kwa hiyo usipoteze usiku kujifunza kugawanya kwa mkono. Kinachoangusha watu wa rika letu ni sehemu na asilimia, uwiano, kusoma grafu na jedwali, na maumbo. Na vipimo! Sisi tumekua na sentimita na kilo, hapa futi ina inchi 12, yadi ni futi 3, pauni ni aunsi 16, galoni ni kwati 4, ukisoma swali la zulia la futi kadhaa kwa inchi kadhaa kichwa kinasimama kwanza ndio kinaanza kuhesabu. Kaa navyo vipimo hivyo nyumbani, pima meza, pima mlango, andika kwenye friji.

Lazima usubiri siku 28 kabla ya kurudia mtihani uleule, zitumie hivi: pakua bure ule mwongozo wa ETS wa mtihani huo, una orodha ya mada zote na maswali ya mfano, fanya maswali yote bila kusoma kwanza, alafu kila ulilokosa andika pembeni ni KWA NINI umekosa, hukuelewa Kiingereza cha swali au hukujua hesabu? Ni matatizo mawili tofauti na dawa zake ni tofauti. Kama ni Kiingereza, soma jibu la juu tena. Kama ni hesabu, masomo ya Khan Academy ni bure, anza darasa la sita usione aibu. Na mtoto wako wa middle school kama yupo muombe akufundishe, mimi binti yangu ndiye alinielewesha uwiano, kwa vipande vya pizza.

Nimefundisha Kenya miaka kumi na tano, nilikuwa naibu mkuu wa shule. Nimefeli PLT ya Praxis. Yaani mtihani wa kufundisha, kitu nimefanya maisha yangu yote! Hawa watu wanataka nini? (Bado nashangaa, Georgia mpaka Pennsylvania)

Naelewa hasira yako na nakuheshimu, miaka kumi na tano siyo mchezo. Ngoja nikueleze nilivyouelewa mimi baada ya kuangushwa na ndugu yake wa Texas, ile PPR.

Kwetu mtihani unakuuliza unajua nini. Huu unakuuliza utafanya nini KWANZA. Mfano wa kutunga: mwanafunzi mpya hafanyi kazi za nyumbani na anakaa kimya darasani. Majibu manne: umuadhibu kwa kumnyima mapumziko, umpeleke kwa mkuu, umpe kazi rahisi kuliko wenzake, uzungumze naye faraghani na uangalie kumbukumbu zake ujue chanzo. Mwalimu wa kwetu mwenye darasa la watoto themanini anajua hana muda wa faragha, anachagua mkuu. Hapa jibu ni la mwisho, karibu kila mara: kusanya taarifa kwanza, mheshimu mtoto mbele ya wenzake, mshirikishe mzazi, badilisha namna ya kufundisha kabla ya kumbadilisha mtoto, na usishushe kiwango cha somo bali ongeza msaada wa kukifikia. Siyo kwamba wewe ulikosea miaka yote hiyo, ulikuwa unafanya kazi kwenye mazingira mengine. Lakini ukiwa kwenye ile skrini jiulize mwalimu wa pale, mwenye watoto ishirini na tano na msaidizi na mshauri wa wanafunzi, angeanza na nini.

Alafu zile insha fupi. PLT ina maswali 70 ya kuchagua na manne ya kuandika, hayo manne yanatoka kwenye visa viwili unavyosoma, na yana robo ya alama zote. Sisi tumefundishwa insha ina utangulizi, kiini na hitimisho, ukifanya hivyo hapa muda umekwisha. Swali likitaka mbinu mbili na ueleze kila moja itasaidiaje, andika mbinu ya kwanza, itasaidiaje, mbinu ya pili, itasaidiaje, taja kitu kilichomo kwenye kisa chenyewe, nenda swali linalofuata. Ukieleza moja vizuri mno ukasahau ya pili umejinyima alama.

Na kuna sheria za kwao ambazo huwezi kuzibuni hata uwe umefundisha miaka hamsini. Ile ya watoto wenye ulemavu, IDEA, mizizi yake ni sheria ya 1975, ndiyo inayoleta IEP, ule mpango wa mtoto mmoja mmoja ambao mwalimu wa darasa analazimika kuufuata hata kama hakubaliani nao. Ya siri za kumbukumbu za mwanafunzi, FERPA, ya 1974. Kesi ya Lau v. Nichols, 1974 pia, ya watoto wa Kichina San Francisco waliowekwa darasani bila msaada wa lugha, Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kuwapa vitabu vilevile na mwalimu yuleyule siyo usawa kama hawaelewi lugha. Na Plyler v. Doe ya 1982 kutoka hukuhuku Texas, mtoto hawezi kufungiwa mlango wa shule ya umma kwa sababu hana makaratasi ya uhamiaji. Mimi nilipozisoma hizi kesi nilikuwa nazisoma kwa ajili ya mtihani, katikati nikaweka kalamu chini, maana ni watoto wetu hawa wanaozungumziwa, ndio hao wa kanisani na msikitini kwetu. Tangu hapo sikuzisahau.

Wataalamu wa namna mtoto anavyokua na kujifunza, Piaget, Vygotsky, Bloom, Kohlberg, hao ulishawasoma chuo cha ualimu, wapitie tu.

Jambo sana mwalimu. Niko mwalimu wa Kifaransa, nilisoma ISP Bukavu, chuo cha ualimu cha kule Congo, niko na lisansi. Nilitoka Maine nikaja Kentucky, kule nilikuwa msaidizi tu darasani. Hapa wananiambia sina lisansi. Namna gani? (Baba wa Bukavu)

Jambo sana baba. Hapa kuna neno moja lenye maana mbili na limewapotezea ndugu zetu wa Congo miaka mingi. Lisansi yenu ni digrii ya chuo kikuu, kwa mfumo wa zamani ilikuwa graduat miaka mitatu kisha lisansi miaka miwili. Hapa leseni ni ruhusa ya jimbo kufundisha. Ukimwambia karani wa hapa una lisansi anaelewa una ruhusa, anatafuta kwenye kompyuta, hakuoni. Sema una digrii kutoka Congo na unataka itathminiwe. Tathmini iwe ya kozi kwa kozi, isiwe ile fupi ya kutaja tu digrii inalingana na nini, na utume makaratasi ya graduat NA ya lisansi pamoja, ukituma ya graduat peke yake watakuhesabia miaka mitatu tu. Yatafsiriwe Kiingereza na mtafsiri anayekubalika na hiyo ofisi, uliza kabla hujamlipa mtu.

Mtihani wako wa somo ni Praxis ya Kifaransa, namba 5174, kuna kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Kifaransa chako ni kizima, usikiogope, ila jizoeze kuongea na mashine, unasikia swali unarekodi jibu kwa sekunde chache na hakuna mtu wa kukuitikia kwa kichwa. Rekodi kwenye simu kila siku.

Naweza kufanya mtihani nyumbani? Na jina, paspoti yangu ina majina matatu, kitambulisho cha jimbo jipya kina mawili. (Haraka haraka, Phoenix)

Praxis nyingi zinafanyika nyumbani, ndiyo, lakini chumba uwe peke yako na mlango umefungwa, msimamizi anakuangalia kwa kamera, mtoto akiingia kuomba maji mtihani unaweza kusitishwa. Karatasi ya kawaida ya kuandikia hairuhusiwi, ni ubao mdogo mweupe au karatasi iliyo ndani ya plastiki unayoweza kuifuta. Kwa nyumba zetu zilivyojaa watu mimi nashauri kituo.

Jina ndilo zito zaidi. Linatakiwa lifanane na kitambulisho utakachoonyesha siku hiyo, likitofautiana wanaweza kukurudisha na hela hairudi. Jisajili kwa majina yaliyo kwenye kitambulisho utakachobeba, na kama akaunti yako ya zamani ina majina ya paspoti usifungue ya pili, alama zako za awali ziko kwenye ile ya kwanza na ETS wanazitoa kwa miaka 10, wapigie wakurekebishie jina humohumo kabla hujalipa.